Saa 72: Ukatili wa Kingono katika Tamthilia za Televisheni na katika Maisha

Kila jioni, giza linapoushukia mji wa Babati, kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati, ving'ora vya polisi na milio ya risasi husikika kutoka katika nyumba nyingi. Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa sauti hizo hutoka katika televisheni. Sebuleni, katika mikahawa iliyo kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, na katika vibanda vya kuonyeshea video, wazee kwa vijana hukaa wakitazama tamthilia za upelelezi. Baadhi zimetengenezwa Marekani, nyingine Asia, nyingine Nairobi au Dar es Salaam. Na kadhaa zimeongezewa sauti ya msimulizi anayezifasiri kwa Kiswahili.

Desturi hii si ya zamani. Zanzibar ilianzisha televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikupata kituo chake cha kwanza hadi mwaka 1994. Bibi na babu wa wanafunzi walio sekondari leo walijifunza habari za polisi, hospitali na mahakama kwa kusikia masimulizi ya watu waliofika huko. Wajukuu wao wameziona mahakama nyingi sana, ila karibu zote ni za kuigiza.

Miongoni mwa makosa yanayosimuliwa mara kwa mara katika tamthilia hizo ni ubakaji. Ni jambo zito, na watu wazima wengi huona haya kulizungumza mbele ya vijana. Kwa sababu hiyo televisheni hubaki kuwa mwalimu pekee wa somo hilo. Makala hii inachunguza mwalimu huyo anafundisha nini, ni wapi anasema kweli, na ni wapi makosa yake yanaweza kumdhuru mtu aliyekwisha kudhuriwa.

KANUNI YA TAMTHILIA

Tamthilia ya upelelezi hujengwa juu ya kanuni maalumu. Ina muda usiozidi saa moja, pamoja na matangazo ya biashara. Katika muda huo kosa hutendeka, mpelelezi huitwa, mshukiwa wa kwanza huonekana kuwa siye, kielelezo kipya hupatikana, na mhalifu hutajwa. Mtunzi hawezi kumwacha mtazamaji akisubiri miezi minane hadi shauri litajwe tena mahakamani.

Mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, Lisa Cuklanz, alichunguza vipindi vya televisheni ya nchi hiyo vilivyohusu ubakaji kati ya mwaka 1976 na 1990, akachapisha matokeo katika kitabu mwaka 2000. Aligundua kwamba katika miaka ya mwanzo hadithi zilifanana sana. Mshambuliaji alikuwa mgeni asiyejulikana, mkatili wa dhahiri, mara nyingi mwenye silaha. Shujaa wa hadithi alikuwa mpelelezi mwanamume. Mwanamke aliyetendewa alisema machache, na mara nyingi alisahaulika kabla ya kipindi kwisha. Miaka ilivyosonga, hadithi za watu wanaofahamiana ziliongezeka, na masuala ya ridhaa yakaanza kujadiliwa.

Mabadiliko hayo yaliendelea. Mwaka 1999 ilianza nchini Marekani tamthilia iitwayo Law & Order: Special Victims Unit, ambayo karibu kila kipindi chake huhusu makosa ya kingono, na ambayo imekwisha kupita misimu 25. Mwaka uliofuata, 2000, ilianza nyingine iitwayo CSI. Katika hiyo, wataalamu wa maabara ndio mashujaa: unywele mmoja au tone moja la damu hutatua fumbo zima.

Kwa hiyo haifai kuzihukumu tamthilia zote kwa pamoja. Hata hivyo, mambo matatu yameendelea kurudiwa katika nyingi: kwamba mbakaji ni mgeni gizani, kwamba aliyebakwa lazima awe na majeraha yanayoonekana, na kwamba bila maabara hakuna ushahidi. Kabla ya kuyapima mambo hayo, yafaa kuuliza kama tamthilia ina nguvu yoyote juu ya fikra za mtazamaji.

JE, TELEVISHENI HUFUNDISHA?

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, George Gerbner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walihesabu vitendo vya ukatili katika vipindi vya televisheni, kisha wakawauliza watazamaji maswali kuhusu ulimwengu halisi. Waliotazama kwa saa nyingi kila siku walielekea kudhani kwamba hatari ya kushambuliwa ni kubwa kuliko ilivyo, na kwamba watu wengi hawaaminiki. Gerbner alihitimisha kuwa televisheni hukuza picha ya ulimwengu katika akili ya mtazamaji, polepole, kama matone yanavyokuza nguzo za mawe ndani ya pango.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Stacey Hust wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 313 wa mwaka wa kwanza. Wale waliotazama tamthilia za Law & Order walielekea kuzikataa imani potofu kuhusu ubakaji, na kukusudia kuheshimu uamuzi wa mwenzi asiyeridhia. Wale waliotazama CSI walielekea kuwa na kusudio dogo zaidi la kutafuta ridhaa. Watafiti walieleza kwamba katika Law & Order mhalifu kwa kawaida huonekana akiadhibiwa, na suala la ridhaa hujadiliwa waziwazi.

Mwanafunzi wa sayansi hapana budi asimame hapa na kuuliza: je, tamthilia ndiyo iliyowabadilisha vijana hao, au vijana wenye fikra fulani ndio waliochagua tamthilia fulani? Uchunguzi wa namna hii huonyesha kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Hilo ni onyo la kukumbukwa kila mara takwimu za namna hii zinaposomwa.

Onyo hilohilo latolewa na uchunguzi mwingine. Mwaka 2006 jaji wa Michigan, Donald Shelton, na wenzake waliwahoji zaidi ya watu 1,000 walioitwa kuhudumu katika juri, yaani baraza la raia linaloamua kama mshtakiwa ana hatia. Asilimia 46 walitarajia ushahidi wa kisayansi wa aina fulani katika kila shauri la jinai. Kwa mashauri ya ubakaji, asilimia 73 walitarajia ushahidi wa vinasaba, yaani DNA. Watazamaji wa CSI walitarajia zaidi kuliko wasioitazama. Hata hivyo, watafiti hawakuona kwamba kutazama CSI peke yake kulibadilisha sana utayari wa watu kumtia mshtakiwa hatiani. Televisheni ilikuwa imebadilisha matarajio. Kuhusu hukumu, jibu halikuwa rahisi.

Tanzania haina juri ya namna hiyo. Mashauri ya ubakaji huamuliwa na hakimu. Lakini kabla shauri halijamfikia hakimu, limekwisha kupita mbele ya mabaraza mengine yasiyo na jengo: mama, shangazi, mjomba, jirani, mwalimu, rafiki wa darasani. Hao ndio wanaoamua kama msichana au mvulana aliyetendewa ataaminiwa, atapelekwa hospitali, au ataambiwa anyamaze. Matarajio yao ndiyo yenye uzito mkubwa.

FUNZO LA KWANZA: MGENI GIZANI

Mwaka 2009 ulifanyika nchini Tanzania uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Walihojiwa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walieleza kuwa walipatwa na tukio moja au zaidi la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Matukio hayo yalitokea wapi? Karibu nusu ya wasichana waliotendewa walisema kwamba tukio moja au zaidi lilitokea katika nyumba ya mtu. Wengine walitaja njia ya kwenda au kurudi shuleni, na wengine walitaja eneo la shule lenyewe. Wageni wasiojulikana walikuwamo miongoni mwa watendaji, lakini walikuwamo pia majirani, wapenzi na watu wenye mamlaka.

Kumbe mgeni gizani yupo, lakini si yeye peke yake. Mtoto aliyefundishwa kumwogopa mgeni tu hana silaha anapokutana na mtu amwitaye mjomba, kaka au mwalimu. Tena, mtendaji akiwa mtu anayeheshimika, jamaa huona vigumu kuamini, kwa kuwa hafanani na yule waliyemwona katika televisheni.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine la kusikitisha. Takriban nusu tu ya wasichana waliotendewa, na theluthi moja tu ya wavulana, ndio waliopata kumweleza mtu yeyote. Kwa wavulana tamthilia nyingi hazisemi lolote, na ukimya huo huongeza ukimya wao.

FUNZO LA PILI: MAJERAHA NA MAYOWE

Katika tamthilia, anayeshambuliwa hupiga mayowe, hupigana, na hubaki na michubuko ambayo mpelelezi huipiga picha. Asiyekuwa na michubuko hutiliwa shaka. Sayansi ya mwili wa binadamu inasema vingine.

Hatari kubwa inapomfikia mnyama, mwili una njia zaidi ya moja ya kuikabili. Wanafunzi wa biolojia wanazifahamu mbili: kupigana na kukimbia, ambazo huandaliwa na homoni ya adrenalini. Ipo ya tatu: kuganda. Misuli hukakamaa au hulegea, sauti haitoki, na viungo havitii amri. Kuku aliyeshikwa na kulazwa chali kwa nguvu huweza kutulia kama mfu ingawa yu hai. Kwa binadamu hali hii haichaguliwi; hutokea nje ya hiari, kama vile mboni ya jicho inavyosinyaa mbele ya mwanga.

Mwaka 2017 watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Anna Möller, walitangaza matokeo ya kuwachunguza wanawake 298 waliofika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kwamba waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio, na asilimia 48 kwa kiwango cha juu kabisa. Walioganda walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata baadaye maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko, pamoja na sonona.

Basi msemo kwamba aliyenyamaza amekubali hauna msingi wowote katika jambo hili. Sheria ya Tanzania ililitambua hilo mapema. Bunge lilipotunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, liliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu kinachotamka kwamba ushahidi wa ukinzani, kama vile majeraha ya mwili, si lazima ili kuthibitisha kuwa tendo lilifanyika bila ridhaa. Mtazamaji wa Babati anayeuliza, "Mbona hana hata alama?" anauliza swali la tamthilia, wala si la sheria ya nchi yake.

FUNZO LA TATU: MAABARA ISIYOKOSEA

Maabara ya tamthilia ni chumba chenye mwanga wa buluu. Mtaalamu hutia kitambaa ndani ya mashine, na kabla hajamaliza kahawa yake, picha ya mhalifu hutokea kwenye kioo. Ukweli ni wa kuvutia zaidi, ingawa ni wa polepole.

Mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba iligunduliwa mwaka 1984 na Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Shauri la kwanza kubwa lilihusu wasichana wawili wa miaka 15 waliobakwa na kuuawa karibu na Leicester, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kukiri kumuua mmoja wao. Vinasaba vilionyesha kwamba siye. Mhalifu halisi, Colin Pitchfork, alipatikana baadaye na kuhukumiwa mwaka 1988. Hivyo tangu mwanzo kabisa mbinu hii ilimwokoa asiye na hatia kabla ya kumnasa mwenye hatia.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Kwanza, chembe hai hutolewa katika sampuli, na vinasaba hutenganishwa na vitu vingine. Kwa kuwa kiasi chake ni kidogo mno, vipande vilivyochaguliwa hunakiliwa kwa mzunguko wa joto na baridi, na kila mzunguko huongeza idadi maradufu. Mwanafunzi wa hisabati aweza kukokotoa: kipande kimoja, baada ya mizunguko 28, chaweza kufikia nakala 268,435,456. Kisha vipande hivyo hupangwa kwa urefu wake, na mpangilio huo hulinganishwa na ule wa mtu anayeshukiwa. Pasipo mtu wa kulinganishwa naye, au kumbukumbu iliyohifadhiwa, mpangilio huo ni kama ufunguo usio na kufuli.

Nchini Tanzania kazi hii hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na matumizi ya vinasaba vya binadamu huongozwa na sheria iliyotungwa mwaka 2009. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Mamlaka hiyo ipo Arusha, takriban kilomita 170 kutoka Babati. Sampuli haina budi kuchukuliwa vizuri, kufungwa, kuandikwa, kukabidhiwa kwa saini kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kusafirishwa bila kuharibika. Saini moja ikikosekana, wakili wa mshtakiwa ana haki ya kuuliza kielelezo kilikuwa wapi siku hiyo.

Hata nchi iliyotengeneza tamthilia hizi haina maabara kama zile za tamthilia. Mwaka 2009, katika ghala moja la polisi mjini Detroit, Marekani, yaligunduliwa maboksi zaidi ya 11,000 ya vielelezo vya ubakaji ambavyo havikuwahi kupimwa, mengine yakiwa yamekaa kwa miaka mingi.

Lililo kubwa kuliko yote ni mpaka wa mbinu yenyewe. Vinasaba huweza kueleza chembe hizi ni za nani. Haviwezi kueleza kama kulikuwa na ridhaa. Iwapo mshtakiwa ni mtu anayefahamika na anakubali kwamba alikutana na mlalamikaji, maabara nzuri kuliko zote duniani haitamaliza ubishi huo.

SAA 72

Katika tamthilia muda hupita kwa faida ya hadithi. Katika mwili wa mtu aliyebakwa muda hupita kwa hasara, na jambo hili ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi bila kufundishwa.

Hasara ya kwanza ni ya afya. Virusi vya Ukimwi vikiingia mwilini huhitaji muda kabla ya kusambaa. Zipo dawa zinazoweza kuvizuia visijikite, lakini hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ni bora kuliko inayofuata. Dawa hizo hunywewa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Ipo pia tiba ya kuzuia maradhi mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini, na tiba ya majeraha.

Hasara ya pili ni ya ushahidi. Kwa kuoga na kufua nguo, chembe ambazo mkemia angezitafuta huondolewa. Unyevu na joto hustawisha bakteria na ukungu, navyo huharibu vinasaba. Ndiyo maana nguo za tukio zifungwe katika mfuko wa karatasi, zisifungwe katika nailoni inayohifadhi unyevu. Hamu ya kuoga baada ya tukio kama hilo ni ya kibinadamu kabisa, na aliyeoga asilaumiwe wala asidhani kwamba amepoteza kila kitu. Bado afike hospitali mara moja.

Katika Babati njia hiyo inapitika. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto, na polisi ndio watoao fomu ya PF3 ambayo daktari huijaza kuhusu aliyoyaona. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi, maana saa hazisubiri. Mtoto asiye na wa kumweleza aweza kupiga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwekea kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapoona haki ya mtoto inavunjwa. Mwalimu na mzazi wamo katika wajibu huo.

MAHAKAMA ISIYO YA MAONYESHO

Hitimisho la tamthilia huwa mahakamani: ukumbi umejaa, mwanamke analia mbele ya umati, wakili anapaza sauti. Vijana wengi walioona haya huamini kwamba kutoa taarifa ni kukubali kuaibishwa hivyo mbele ya mji mzima.

Sheria ya Tanzania inaagiza kinyume. Ushahidi katika mashauri ya makosa ya kujamiiana husikilizwa faragha, na vyombo vya habari vimekatazwa kuutangaza pamoja na mashahidi wake.

Kuhusu ushahidi wenyewe, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji ni ule utokao kwa aliyetendewa. Nayo Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, mradi mahakama iridhike, na itoe sababu, kwamba anasema kweli. Hiyo haina maana kwamba kila shutuma hukubaliwa. Hukumu za baadaye zimeonya kwamba maneno hayo lazima yapimwe kwa uangalifu kama ushahidi mwingine wowote, kwa kuwa adhabu ya kosa hili kwa kawaida haipungui kifungo cha miaka 30, na mshtakiwa naye ana haki yake.

Hapa ndipo tofauti kati ya tamthilia na maisha ilipo wazi kabisa. Katika tamthilia mpelelezi ndiye anayesema, na aliyetendewa huwa mwili unaochunguzwa. Katika sheria ya Tanzania aliyetendewa ndiye shahidi mkuu. Maabara na daktari huja kumsaidia, wala hawaji kuchukua nafasi yake. Kijana aliyefundishwa na televisheni kwamba bila mashine hana ushahidi ataunyamazia ushahidi mkubwa kuliko wote alionao, yaani maneno yake mwenyewe.

KAZI YA DARASANI

Shule ya sekondari haihitaji maabara ili kulichunguza jambo hili kisayansi. Mbinu inayofaa ni uchambuzi wa maudhui, ileile aliyoitumia Gerbner. Mwalimu achague magazeti ya zamani, au muhtasari wa vipindi 20 vya tamthilia za upelelezi. Hakuna haja ya kuwaonyesha wanafunzi picha za ukatili. Kwa kila hadithi wanafunzi wajibu maswali haya kwa NDIYO, HAPANA au HAIKUTAJWA:

1. Je, mtendaji alikuwa mtu aliyefahamika na aliyetendewa?
2. Je, aliyetendewa alipewa nafasi ya kueleza mwenyewe yaliyompata?
3. Je, ukosefu wa majeraha ulitumiwa kumtilia shaka?
4. Je, alionyeshwa akipelekwa hospitali, na baada ya saa ngapi?
5. Je, uamuzi ulitegemea maabara peke yake?

Wanafunzi wawili waichambue hadithi ileile bila kushauriana, kisha walinganishe majibu. Ikiwa wanakubaliana katika majibu 80 kati ya 100, kipimo chao kinaanza kuaminika. Ikiwa ni 50 tu, maswali hayako wazi na yaandikwe upya. Mwishowe wachore jedwali, wakokotoe asilimia, na walinganishe na matokeo ya uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009. Mwalimu akumbuke kwamba, kwa takwimu hizo, darasani mwake huenda yumo mwanafunzi aliyepatwa na jambo hili. Asimlazimishe yeyote kusimulia yaliyomkuta. Aeleze mapema kwamba anayetaka kuzungumza faragha atasikilizwa, na ajue tangu awali atampeleka wapi.

HITIMISHO

Tamthilia za upelelezi hazitatoweka Babati, wala si lazima zitoweke. Baadhi yake zimesaidia kulitoa jambo hili gizani, na uchunguzi wa mwaka 2015 unadokeza kwamba tamthilia inayoijadili ridhaa kwa ukweli huenda ikawa na manufaa. Lakini hakuna tamthilia inayoweza kuchukua nafasi ya mtu wa kwanza anayeambiwa. Hiyo ndiyo nafasi ya shangazi, ya mwalimu wa malezi, ya rafiki wa dawati moja. Kwake haitakiwi darubini wala mwanga wa buluu. Inatakiwa asikilize, asiulize habari za majeraha, asiseme "subiri tuone", na aanze kuhesabu saa.